Ofisi imejificha, kishoka yuko wazi

BARAZANI
Na Mama Chiku

Wiki hii jirani yangu kamlipa kishoka shilingi elfu thelathini kwa huduma ambayo ofisi husika haitozi hata senti. Nimeudhika, na hasira haijapungua hadi ninapoandika haya.

Mumewe alifariki mwaka jana, lakini kila mwezi ujumbe wa bili ya maji unaingia kwenye simu yake ukiwa na jina la marehemu. Alitaka jina libadilishwe. Akafanya tunachofanya sote siku hizi kabla ya kupanda daladala: aliiuliza simu. Aliandika hivi: "jinsi ya kubadilisha jina la mita ya maji mwenye nyumba amefariki." Jibu la kwanza kutokea lilikuwa ukurasa wa kijana anayejiita mtaalamu wa huduma za serikali. Kichwa cha ukurasa ule kilikuwa swali la jirani yangu, karibu neno kwa neno. Chini yake vitu vinavyotakiwa vimepangwa vizuri: cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha taifa, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Mwishoni kuna namba ya WhatsApp na bei. Mama wa watu akatuma pesa.

Mnaonisoma kila Jumatano mnaujua ugomvi wangu na vishoka, na bila shaka mnasubiri nimshukie huyu. Leo simgusi. Kijana alikaa chini akafikiria mjane atauliza nini na kwa maneno gani, akajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ninaowadai ni wale tunaowalipa mishahara ili wafanye hivyo hivyo.

Niliingia mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka ile ya maji. Tangazo lipo. Unabonyeza "Machapisho", kisha "Mengineyo", unashuka hadi chini kabisa, unakutana na picha ya karatasi iliyopigwa upande upande, muhuri umefunika nusu ya mstari wa pili. Juu imeandikwa TANGAZO KWA UMMA. Yah: Uhuishaji wa Taarifa za Umiliki wa Akaunti kwa Wateja wa Majumbani. Nimelisoma mwanzo hadi mwisho. Hakuna mahali palipoandikwa mita, hakuna palipoandikwa kufariki. Na picha yenyewe ni nzito, inakula bando la mtu anayenunua la siku moja moja.

Sasa tuelewane jinsi mambo haya yanavyokwenda. Google hutuma programu zake zipite kwenye kurasa, zisome maandishi, zifuate viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, kisha ziweke kumbukumbu ya kilichomo. Mtu akiuliza, kumbukumbu ile ndiyo inayopekuliwa. Kichwa cha ukurasa kina uzito mkubwa. Google yenyewe inawashauri wenye tovuti wasiweke maneno ya maana ndani ya picha, na kila picha waiandikie maelezo. Pia inawaonya waachane na vichwa visivyosema kitu. Tangazo letu limeyakiuka yote hayo kwa mkupuo, halafu likazikwa mahali ambapo kiungo cha kulifikia hakipo kwenye ukurasa wa mbele.

Nikapiga simu. Nilimpata afisa TEHAMA, kijana mwenye adabu. Akaniambia, "Mama, mambo ya kuonekana Google tulishayafanya, kuna mtaalamu tulimlipa. Maneno muhimu yote yako kwenye msimbo wa tovuti." Nilinyamaza kidogo ili nisimjibu vibaya. Orodha ile ya maneno inayofichwa kwenye msimbo, Google ilitangaza hadharani mwezi Septemba 2009 kwamba haiitumii kabisa kupanga matokeo. Mwaka 2009! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anapaka mafuta ya ndevu, na bado kuna mtu anaiuzia ofisi ya umma dawa iliyokwisha muda.

Si hiyo tu. Chini kabisa ya ukurasa wa mbele, kwa maandishi madogo ya rangi inayokaribia ya ukuta wake, maneno "maji safi" na "bili ya maji" na "huduma bora ya maji" yamerudiwa na kurudiwa bila sentensi. Hiyo ni hila, na sheria za Google zinaikataza. Mwaka 2006 kampuni ya magari ya BMW iliondolewa kwenye matokeo ya Google kwa kurasa za hila zilizojazwa maneno kwa ajili ya mashine, kwenye tovuti yake ya Ujerumani. Kama BMW haikupona, mamlaka ya maji ya mkoa itaponea wapi?

Chanzo ninakifahamu. Ofisi zetu zinamwandikia bosi. Tangazo linapigwa picha kwa sababu bosi anataka sahihi yake ionekane na muhuri wake uonekane. Ukurasa wa mbele umejaa mgeni rasmi akikata utepe, akipanda mti, akipokea zawadi, na hakuna picha hata moja yenye maelezo. Mwananchi mwenye swali hakuwahi kuwa akilini mwa mtu yeyote pale.

Kuna dada mmoja kwenye dirisha la huduma kwa wateja pale, wengi mnamfahamu kwa uvumilivu wake. Tangu asubuhi anaulizwa: mita imeharibika nifanyeje, bili imepanda ghafla kwa nini, nyumba nimeuza nahamishaje jina. Anayajua maswali ya mji huu kuliko mtaalamu yeyote wa kukodi. Mpeni daftari ayaandike jinsi watu wanavyoyasema. Kila swali lipate ukurasa wake, kichwa kiwe swali lenyewe, majibu yawe maandishi ya kawaida, na kiungo kiwekwe mbele pale alipokaa mgeni rasmi. Fomu ibaki na muhuri wake, lakini yaliyomo yaandikwe pia. Kazi hii haihitaji zabuni.

Msiniambie mwananchi aje ofisini aulize. Anayekaa nje ya mji ana nauli ya kwenda na kurudi, ana foleni, na akikosa barua moja anarudi kesho kutwa. Ndiyo maana elfu thelathini ilionekana nafuu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, leo jioni chukua simu yako. Andika jina la huduma unayoitoa kwa maneno ambayo mama yako mzazi angeyatumia, kisha uone nani anamjibu, na anamtoza kiasi gani.