Printa Yataka Hodi

Printa ya nyumbani ikikataa kuchapa kwa kukosa ruhusa, wengi wetu hukimbilia amri ya chmod 666, yaani kumfungulia mlango kila mtu. Nami nilifanya hivyo likizoni katika kompyuta yetu ya Linux. Printa ilichapa, lakini nilipochomoa waya na kuurudisha, ikakataa tena. Faili lake, /dev/usb/lp0, huundwa upya kila printa ichomekwapo, na ruhusa hurudi kama mwanzo.

Dawa ni ndogo. Amri ya ls -l huonyesha faili hilo ni la kundi gani, na mara nyingi ni lp. Basi mtumiaji na aingizwe kundini kwa sudo usermod -aG lp na jina lake, kisha atoke na kuingia tena. Herufi a isisahauliwe! Mimi niliisahau, nikafutwa katika makundi yangu mengine, hata la sudo. Barua ya baba ya kuomba kazi ikachelewa siku mbili.

Kwa maoni yangu, tuulize kwanza ruhusa ni ya nani, ndipo tuguse mlango. Mwenye kupiga hodi havunji kitasa.