Usitupe karatasi ya dawa



Juma lililopita mtoto wangu alishikwa na homa usiku. Nikakumbuka vidonge vilivyobaki nyumbani, vimefungwa katika karatasi ya daftari. Vya ugonjwa gani? Tulipewa lini? Karatasi haikuwa na neno hata moja. Sikumpa. Kabla ya jua kuchomoza tulikuwa kwenye kituo cha afya.

Niliogopa kwa sababu ya mambo ya Ituri. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014, zaidi ya watu 1,000 kule, watoto wengi wakiwemo, walikakamaa shingo, uso na ulimi. Kwanza ilidhaniwa ni menenjite. Vidonge walivyokunywa vilipopimwa, ukweli ukajulikana: kopo liliandikwa diazepamu, kumbe ndani mlikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Wengine walikufa.

Basi tushike mambo mawili. Ukipewa dawa, omba jina lake, kipimo na tarehe viandikwe kwenye karatasi. Na kwa kuwa hata maandishi yanaweza kudanganya, tunza karatasi pamoja na vidonge mpaka mgonjwa apone kabisa. Mtoto akibadilika baada ya kumeza, usikimbilie kusema amerogwa. Acha dawa hiyo, mpeleke mara moja, na vidonge uvibebe.

Kuuliza si kumkosea munganga heshima. Naye ni mtu, anachoka, anaweza kukosea. Tumsaidie.