Muziki Ulionunuliwa na Ufunguo Uliobaki Dukani

Kufuli la kidijitali ni programu inayofungamanishwa na faili ya muziki ili kuamua ichezwe kwenye vifaa gani na inakiliwe mara ngapi. Faili husimbwa, na idhini ya kuifungua hutolewa na seva ya muuzaji. Mnunuzi akibadilisha kompyuta, sharti aombe idhini upya. Kwa hiyo wimbo uliokwisha kulipiwa hubaki chini ya mamlaka ya duka hata miaka mingi baada ya kuuzwa.

Hofu iliyozaa makufuli hayo ilikuwa ya kweli. Kuanzia 1999, Napster iliwawezesha mamilioni ya watu kubadilishana nyimbo bila wasanii kuambulia hata senti. Apple ilipofungua duka la iTunes nchini Marekani, Aprili 2003, na kuuza wimbo kwa senti 99, kampuni kubwa za kurekodi zilitoa muziki wao kwa sharti kwamba ufungwe. Wakati huohuo, ziliendelea kuuza CD ambazo nyingi hazikuwa na kufuli lolote. Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliufichua mkanganyiko huo katika barua ya wazi ya Februari 2007: mwaka uliotangulia, nyimbo zenye kufuli zilizouzwa mtandaoni hazikufika bilioni 2, ilhali zaidi ya bilioni 20 ziliuzwa kwenye CD bila kinga. Aliyetaka kuiba alikuwa na CD ya kunakili. Aliyebanwa ni yule aliyelipa.

Ubaya wa mpango huo ulionekana wazi mwaka 2008. Microsoft, iliyokuwa imeacha kuuza nyimbo kupitia MSN Music, ilitangaza kwamba kuanzia mwisho wa Agosti haitatoa tena idhini kwa kompyuta mpya. Nyimbo zingeendelea kucheza kwenye mashine zilezile zilizokwisha kuidhinishwa. Mashine ikiharibika, muziki ungepotea pamoja nayo. Malalamiko yalipozidi, kampuni hiyo iliongeza muda hadi mwisho wa 2011. Yahoo na Walmart zilitoa matangazo ya aina hiyohiyo katika mwaka huohuo, kisha zikalegeza msimamo baada ya wateja kuja juu: Yahoo ikawafidia, Walmart ikaahirisha kuzima seva zake. Hivyo mteja aliokolewa na kelele zake mwenyewe, wala si na haki iliyoandikwa mahali popote. Hata Apple, ilipotangaza Januari 2009 kwamba itaondoa makufuli kwenye nyimbo zake zote, iliwatoza wateja senti 30 kwa kila wimbo wa zamani waliotaka ufunguliwe, wimbo ambao tayari walikuwa wameulipia.

Sheria ya Marekani haikumsaidia mnunuzi huyo. Sheria ya hakimiliki ya 1998 inakataza kuvunja kufuli la kidijitali, isipokuwa pale msamaha unapotolewa. Pendekezo la kuwaruhusu wanunuzi kufungua nyimbo zao halali pindi seva za duka zinapozimwa lilikataliwa mwaka 2010. Huo ulikuwa uamuzi mbaya: ulilinda kufuli ambalo halikuwa tena na mlinzi, dhidi ya mtu asiyemdhuru msanii yeyote.

Hali ni tofauti kwa huduma za kusikiliza kwa ada ya kila mwezi. Huko kufuli lina mantiki, kwa kuwa msikilizaji anajua kwamba amekodi, na akiacha kulipa hategemei kubaki na kitu. Kosa ni kukodisha kwa jina la kuuza. California ilianza kulirekebisha kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumfahamisha mteja kwamba anapata leseni tu. Faili ambazo mteja anaweza kuzipakua na kuzitumia daima bila mtandao haziguswi na sharti hilo.

Onyo peke yake halitoshi. Duka linalouza muziki wenye kufuli linapaswa kubanwa kisheria kwamba, likizima seva zake, litawapa wanunuzi faili zilizofunguliwa au litawarudishia fedha zao.