Bolti Moja Ikikatika

Mwenye gari la zamani aghalabu huitunza injini yake kama mboni ya jicho, lakini bolti za magurudumu huzisahau. Nazo ndizo zilizobeba roho yake na za abiria wake. Bolti tunazozisema ni zile zibakizo zimesimama juu ya kitovu cha gurudumu baada ya nati kufunguliwa.

Yako maneno ambayo mtu huyasikia mara nyingi gerejini: “Imekatika moja tu, nne zilizobaki zatosha.” Maneno hayo ni ya hatari. Gurudumu haliangikwi juu ya bolti kama koti juu ya msumari. Nati inapokazwa, bolti hunyoshwa kidogo sana, nayo kwa kutaka kurudi katika urefu wake hulibana gurudumu juu ya kitovu. Mbano huo ndio ushikao. Bolti moja ikikatika, mbano hupungua. Gurudumu likianza kuchezacheza, bolti zilizobaki hupindwa huku na huku, hata zikachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Kisha hukatika moja baada ya nyingine, nalo gurudumu laweza kuchomoka gari likiwa mbioni. Hapo hata mpita njia asiye na kosa yumo hatarini.

Tuchukue mfano wa Land Rover, gari lililoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na ambalo matoleo yake ya kale, Series I, II na III, yalitengenezwa hata 1985. Kila gurudumu lina bolti tano. Zile za asili zina unene wa inchi 9/16, na hesi yake ni ya Kiingereza iitwayo BSF, yenye mikato 16 katika kila inchi. Hesi iitwayo UNF, ya unene uo huo, ina mikato 18. Kwa macho zafanana, lakini nati ya moja ikilazimishwa juu ya nyingine, zote mbili huharibika. Tena Series III za miaka ya mwisho zilipewa bolti za milimita 16. Basi nenda dukani na bolti ya zamani pamoja na nati yake, ujaribu kwa vidole: nati iliyo sawa hupanda hata mwisho, bila kung’ang’ania wala kulegalega.

Wenye magari ya Kimarekani ya zamani, kama Dodge na Plymouth za miaka ya 1950 na 1960, wakumbuke kwamba mengi yao yana hesi ya kinyume upande wa kushoto. Nati hizo hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Asiyejua jambo hilo huongeza nguvu akidhani kutu imezishika, kumbe anazidi kuzikaza hata bolti ikatike.

Sasa kazi yenyewe. Legeza nati gari lingali limekaa chini. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi imara. Usiamini jeki peke yake. Ondoa gurudumu na ngoma ya breki. Bolti nyingi zimeshindiliwa kutoka nyuma ya kitovu, nazo zina meno yanayouma chuma. Lakini ziko zilizofungwa kwa hesi, kwa hiyo tazama kabla ya kupiga. Usigonge kwa nyundo kitovu kikiwa garini, maana mapigo huziumiza beringi. Kitoe, ukipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kushindilia. Ikiwa tundu limepanuka na bolti yazunguka, isichomelewe, kwa kuwa joto hudhoofisha chuma. Kitovu ndicho kibadilishwe.

Yafaa kubadilisha bolti zote za kitovu hicho, kwa sababu zimechoka pamoja.

Kabla ya kurudisha gurudumu, sugua kutu na uchafu mahali linapokutana na kitovu. Kaza nati kwa kuruka moja moja, kama mtu achoraye nyota. Kipimo cha Land Rover hizo ni ratili-futi 75 hata 85. Yaani, kwa spana ya urefu wa futi mbili, nguvu ya ratili 40 hivi, au kilo 18, yatosha. Kusimama juu ya bomba refu lililochomekwa kwenye spana si kukaza, ni kuvunja. Ukiisha kwenda maili 50, kaza tena kwa kipimo kile kile.

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Kesho asubuhi, kabla ya kupakia maziwa au kuwapeleka watoto shuleni, lizunguke gari lako ukazihesabu nati. Ikipungua moja, safari ingoje.