Bi Harusi, Laini ya Simu Iwe kwa Jina Lako

Leo tuweke kando hina na magauni, tuzungumze pesa.

Majuzi tulivuka bahari tukaenda Mwanza harusini, tukafikia Igoma, kwenye barabara ya kwendea Musoma. Wenyeji wetu ni akina mama wa sokoni, wauza dagaa na nyanya, na wana kikoba chao. Zamani akiba ilikaa kwenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Siku moja mwizi alilibeba sanduku zima, na kufuli zake. Sasa wanachangia kwa M-Koba, huduma iliyoanza mwaka 2019. Pesa ikiingia au ikitoka, wanachama wanapata ujumbe. Hakuna tena wa kusema, "Mimi sikuambiwa."

Kwetu Waislamu hili si geni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Simu inaandika tarehe, saa, kiasi na jina. Mama asiye na hati ya nyumba wala akaunti ya benki anapata ushahidi wa jasho lake. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, wengi tuliiona ni njia ya kutumia wazee hela tu. Kumbe ni daftari pia.

Lakini daftari lina jina juu yake. Mmoja wa akina mama wale laini yake ilisajiliwa kwa jina la mumewe, kwa kuwa yeye hakuwa na namba ya NIDA. Mume akafariki. Akiba ya dagaa iliyokuwemo kwenye simu ikahesabiwa mirathi, na yeye yuko eda, hana cha kuonyesha. Jasho lake, jina la marehemu. Ilituuma sana.

Kwa hiyo bi harusi, kabla ya masufuria na mashuka, kamilisha kitambulisho chako, weka alama ya kidole, sajili laini yako. Namba ya siri iwe siri kweli, hata kwa wifi. Mahari ni haki yako, na utakachochuma ni chako. Huku si kumdhania mume vibaya. Mume mwema atafurahi kuona haki ya kila mtu imeandikwa, maana na yeye hataki kuacha ugomvi nyuma yake.

Tahadhari moja: simu haihalalishi riba. Kabla ya kubonyeza kukubali mkopo, soma masharti, muulize mwenye elimu. Kwenye kikoba mnaweza kukubaliana kukopeshana bila nyongeza.

Na ewe mama uliyekwishaolewa, usione umechelewa. Angalia leo laini yako ni ya nani.

Allah atubarikie riziki zetu na ndoa zetu. Amin.