Zamu Kumi na Mbili

Mtu aliyevunjika mgongo kwa kuanguka kutoka juu ya mchikichi, au katika ajali ya pikipiki, mara nyingi hafi siku ile. Hurudi nyumbani, huketi katika kiti cha magurudumu, na baada ya miezi kidonda humtoboa kiunoni au matakoni. Akifariki, twasema: ni mpango wa Mungu. Neno hilo tulikatae. Kidonda hicho kina sababu, nayo yajulikana.

Mwili ukibanwa kwa muda mrefu kati ya mfupa na kiti, damu haipiti, na nyama hufa. Sisi tunaosikia maumivu hujisogeza bila kufikiri. Yeye ambaye uti wake wa mgongo umekatika hasikii lolote. Kidonda chake huanza kimya.

Daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya wagonjwa hao huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati ambapo walihesabiwa kuwa watu wa kufa tu. Aliagiza wageuzwe kitandani kila saa mbili, mchana na usiku. Wengi wakaishi. Mwaka 1948 baadhi yao walishindana kurusha mishale.

Hapa Kamina yatupasa kutenda vivyo hivyo. Aliye kitini ajiinue, au ainamishwe, walau kila nusu saa. Asubuhi na jioni ngozi ikaguliwe: kiunoni, matakoni, visiginoni. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Basi mkono upime joto, ugumu na uvimbe. Mahali palipobadilika pasikaliwe wala pasilaliwe mpaka papone, wala pasisuguliwe. Ngozi iwe safi na kavu. Bukari iandamane na maharagi, samaki au mayai. Kidonda kikinuka, au homa ikipanda, apelekwe kituo cha afya siku ileile.

Twajua kumtembelea mgonjwa, kuimba na kusali, kisha twaondoka tukimwacha amelala vilevile tulivyomkuta. Nyuma yetu abaki mama mmoja, akikesha peke yake. Siku moja ina zamu kumi na mbili za saa mbili mbili. Ni kikundi gani cha vijana kisicho na watu kumi na wawili? Tumwulize kwanza mgonjwa mwenyewe, maana mwili ni wake. Akikubali, tuandike majina na kugawana saa, hata zile za usiku.