Lori la Zamani na Taa za Kugeukia

Dereva asiyeonyesha aendako huwapigisha ramli wote walio nyuma yake. Katika barabara itokayo Naivasha, ikapita Gilgil na Nakuru, kisha ikapanda Salgaa kuelekea Mau Summit, ramli hiyo huweza kugharimu maisha ya watu. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sababu za ajali ni nyingi, wala si zote zimo katika uwezo wa fundi. Lakini taa ya kugeukia imo mikononi mwake.

Malori ya kijeshi ya wakati wa Vita Kuu ya Pili hayakuundwa kwa barabara za leo. Bedford QL, kwa mfano, lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1941 ili libebe askari na mizigo katika njia mbovu. Siku hizo dereva alionyesha kugeuka kwa kutoa mkono dirishani. Desturi hiyo ilitosha pale magari yalipokuwa machache na mwendo wa pole. Tena yako malori ya Marekani, kama GMC, ambayo usukani wake u upande wa kushoto. Hapa Kenya, ambapo magari hushika mkono wa kushoto, dereva wa lori hilo akitoa mkono humwonyesha mbuzi aliye mtaroni, wala si mwenzake anayetaka kumpita kuliani.

Mathalani mkulima wa Njoro anayetunza lori la namna hiyo analileta Nakuru kwa fundi. Taa za kugeukia zilitiwa zamani na mtu asiyejulikana. Waya zimekauka, zote zimekuwa rangi moja ya vumbi, na taa ya nyuma huwaka apendavyo shetani.

"Kijana, niungie tu hizi waya mbili," asema mkulima, "nifike nyumbani kabla ya giza."

"Mzee, nikiziunga hivi utafika leo," fundi amjibu. "Lakini kesho ukitaka kugeuka, taa ikakataa, aliye nyuma atajuaje? Nipe muda nianze tangu betri."

Jibu hilo ni la fundi anayeijua kazi yake. Jambo la kwanza ni kujua nguvu ya umeme wa gari lenyewe. Malori mengi ya Marekani ya wakati wa vita yalitumia volti 6. Ya Uingereza mengi yalitumia volti 12. Na baada ya vita majeshi ya NATO yalichagua volti 24. Balbu ya volti 12 ikitiwa katika gari la volti 24 huungua mara moja. Na ya volti 24 ikitiwa katika gari la volti 12 hutoa mwanga hafifu usioonekana jua la mchana. Hali kadhalika, magari mengi ya zamani ya Uingereza yalifungwa upande chanya wa betri kwenye chuma cha gari, kinyume cha desturi ya sasa. Fundi asiyepima kwanza huweza kuunguza kifaa kipya cha kumetesha taa, kile mafundi wakiitacho flasha, kabla hakijameta hata mara moja.

Jambo la pili ni unene wa waya. Balbu mbili za wati 21, ya mbele na ya nyuma, hula wati 42. Katika volti 24 huo ni mkondo wa ampea 1.75, katika volti 12 ni ampea 3.5, na katika volti 6 hufika ampea 7. Waya mwembamba katika lori la volti 6 hupata moto, na mwanga hufifia kabla haujafika mkiani. Kwa hiyo kila njia sharti iwe na fyuzi yake, na waya upitishwe mbali na ekzosi na ncha kali za fremu.

Jambo la tatu ndilo lidanganyalo watu wengi: njia ya kurudi ya umeme. Taa hurudisha umeme kwa chuma cha gari. Kutu, rangi na vumbi la Bonde la Ufa vikiingia kati ya taa na fremu, umeme hutafuta njia nyingine kupitia balbu za jirani. Ndipo taa ya kugeukia hufifia pale breki inapokanyagwa. Dawa yake ni kukwangua chuma hadi king'ae, kisha kupitisha waya wa pekee kutoka kila taa hadi kwenye fremu.

Mwisho ni flasha yenyewe. Taa njema humeta mara 60 hadi 120 kwa dakika. Balbu moja ikifa, mwendo hubadilika: flasha nyingi za zamani huzubaa au kukwama, na nyingi za kisasa hukimbia mno. Atiaye balbu za LED, ambazo hula umeme kidogo, na abadilishe flasha pia, kwa maana ile ya zamani hungojea joto lisilokuja.

Mkulima wa Njoro atalala Nakuru usiku mmoja, naye atanung'unika. Lakini kesho yake, akifika penye njia ya kuingia shambani, ataonyesha mapema, na lori zito linaloteremka nyuma yake litapunguza mwendo. Dereva wake hatajua jina la fundi wala la mkulima. Atajua tu kwamba mbele yake yuko mtu anayegeuka, na hayo yamtosha. Heri kuchelewa kwa fundi kuliko kuwahi mochari.